Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapoeleza kwa Nini Ardhi Inatetemeka

Tangu tuchapishe makala kuhusu matetemeko ya ardhi, barua nyingi zilizotufikia hazikuuliza juu ya miamba, bali juu ya watoto: jinsi wanavyolieleza tetemeko, wanavyoliogopa, na namna mtu mzima anavyopaswa kuwajibu. Tumechagua tano. Majibu hayalingani urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Swali: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 5 anasema ardhi ilitetemeka kwa sababu ilimkasirikia alipompiga mdogo wake. Nimemwambia mara kadhaa kwamba hayo si kweli, lakini naona bado anaamini. Je, niendelee kumsahihisha au nimwache atakapokua ataelewa mwenyewe? — Mama wa watoto wawili

Jibu: Mama mpendwa, usimwache, lakini kwanza tutenganishe mambo mawili aliyoyasema, kwa maana hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba ardhi inaweza kukasirika. La pili ni kwamba yeye ndiye aliyeikasirisha. Hilo la kwanza linaweza kusubiri miaka miwili au mitatu bila madhara yoyote. Hilo la pili lisisubiri hata siku moja, kwa sababu mtoto anayeamini kwamba ametikisa dunia na kuwaogopesha watu wote nyumbani anabeba mzigo ambao hata mtu mzima ungemwelemea.

Mawazo ya namna hii yamechunguzwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwahoji watoto juu ya jua, mwezi, upepo na mito, akaona kwamba wadogo huvipa vitu visivyo na uhai nia na hisia, na mara nyingi huamini kwamba vitu vya asili vimetengenezwa na mtu fulani kwa kusudi fulani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowasimulia watoto kisa cha mwizi mdogo wa matunda aliyekanyaga ubao mbovu alipokuwa akivuka mto, ubao ukavunjika, naye akatumbukia majini. Watoto wengi wa umri wa miaka 6 walisema kwamba ubao ulivunjika kwa sababu ya ule wizi. Kadiri umri ulivyoongezeka, ndivyo waliosema hivyo walivyozidi kupungua. Baadaye sana, mwaka 1999, mtafiti Deborah Kelemen alichapisha uchunguzi kuhusu miamba yenye ncha kali, ambamo watoto wa shule ya msingi walipendelea kueleza kwamba miamba ina ncha ili wanyama wapate kujikuna, kuliko kusema kwamba imekuwa hivyo kwa kukusanyika kwa vipande vidogo vidogo kwa muda mrefu. Mtoto mdogo hutafuta kusudi pale ambapo mwanajiolojia anatafuta chanzo.

Kwa hiyo mwanao hasemi uongo wala hana kasoro ya akili. Amefanya kile ambacho akili yenye afya hufanya: ameona mambo mawili yakifuatana, akatafuta uhusiano, na uhusiano alioufahamu zaidi ni ule wa kosa na adhabu, kwa kuwa ndio anaofundishwa kila siku. Ukimwambia tu kwamba si kweli, unamwondolea maelezo aliyo nayo bila kumpa mengine, naye atarudia yale ya mwanzo.

Jaribu kumuuliza kabla ya kumweleza. Muulize ni nani wengine waliohisi tetemeko lile. Atamtaja jirani, mwalimu, labda mtoto mchanga. Muulize kama wote hao walikuwa wamempiga mtu. Mwache afikirie. Kisha mwambie kwa maneno machache yasiyo na mzunguko: "Tetemeko halikuja kwa sababu yako. Hakuna jambo unaloweza kulifanya, kulisema au kuliwaza likaitikisa ardhi. Miamba iliyo chini sana ilisogea." Suala la kumpiga mdogo wake nalo lizungumzwe, ila siku nyingine na kwa sababu zake lenyewe, ili mambo hayo mawili yasishikane tena kichwani mwake. Naomba pia, kwa moyo wote, kwamba pasiwe na mtu mzima nyumbani anayetumia tetemeko, radi au mafuriko kumtisha mtoto mkaidi. Tishio hilo huleta utulivu wa dakika chache, na baadaye, janga halisi linapotokea, mtoto huanza kutafuta kosa lake.

Swali: Ninafundisha darasa la tano. Nilipowapa wanafunzi kazi ya kuchora chanzo cha tetemeko, zaidi ya nusu walichora nchi kavu ikielea juu ya bahari ya moto, na wengine wakachora volkano ikilipuka chini kwa chini. Sikuwafundisha hivyo. Wameyatoa wapi, na niyaondoe vipi? — Mwalimu wa shule ya msingi

Jibu: Mwalimu, umefanya jambo ambalo watafiti wa elimu hulifanya, nalo ni kumtaka mtoto achore kabla ya kumpima kwa maswali ya kuchagua. Mwanafunzi anaweza kuandika sentensi sahihi kuhusu mabamba ya ganda la dunia kwa kuikariri, lakini anapochora hulazimika kuonyesha nini kiko juu ya nini, kipi kinasogea na kinasogea kuelekea wapi, na hapo ndipo fikra zake halisi zinapojitokeza. Wazo kwamba volkano ndiyo chanzo cha kila tetemeko limekutwa tena na tena watoto wa shule walipohojiwa katika nchi mbalimbali, sambamba na mawazo ya joto la dunia, hali ya hewa na mlipuko katika kiini cha dunia. Hivyo darasa lako halina tofauti na madarasa mengine.

Wameyatoa wapi? Kwa sehemu kubwa wameyatoa kwetu. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha tabaka lililo chini ya ganda la dunia kwa rangi nyekundu inayong'aa, na mtoto akiona nyekundu ya namna hiyo anasoma moto na uji wa mawe. Volkano na tetemeko hufundishwa katika somo moja, mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, na ramani ya dunia inaonyesha vikitokea katika maeneo yale yale. Ni kweli kwamba volkano husababisha mitetemeko fulani. Lakini matetemeko makubwa mengi hutokana na miamba kuteleza kwenye nyufa kubwa, na hayahitaji volkano yoyote.

Kuna sababu nyingine, na hii kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 1992 watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha uchunguzi kuhusu namna watoto wa shule ya msingi nchini Marekani wanavyofikiri juu ya umbo la dunia. Watoto walikuwa wameambiwa kwamba dunia ni mviringo, na macho yao yaliwaambia kwamba ni tambarare. Badala ya kutupa wazo moja na kushika jingine, wengi waliyaunganisha: wengine waliieleza dunia kama tufe tupu ambalo watu wanaishi ndani yake kwenye sakafu bapa, na wengine wakasema dunia ziko mbili, moja tunayoikanyaga na nyingine ya mviringo iliyoko angani. Wanafunzi wako nao wameambiwa kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea. Katika maisha yao hawajawahi kuona jabali gumu likisogea juu ya kitu kigumu, lakini wameona vitu vikielea na kwenda. Basi wameweka kimiminika chini ya mabamba ili yapate kusogea. Huo ni ujenzi wa akili inayofanya kazi, na ukiuheshimu kwa kuutaja darasani utapata njia ya kuubomoa.

Waeleze kwamba tabaka lililo chini ya ganda, linaloshuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, ni la miamba ya moto sana lakini migumu kwa sehemu yake kubwa mno. Tumelijuaje jambo hilo bila kufika huko? Matetemeko yenyewe ndiyo yametuambia. Yapo mawimbi ya tetemeko ambayo hayawezi kupita katika kimiminika, na mawimbi hayo hupita vizuri katika tabaka hilo, kisha hukoma yanapofika kwenye kiini cha nje, ambacho kweli ni kimiminika. Mtoto wa miaka 11 anaweza kufurahia hoja hii sana, kwa sababu inamwonyesha ushahidi badala ya kumtaka aamini tu. Miamba hiyo migumu hutiririka, lakini polepole mno, na mabamba yaliyo juu husogea sentimita chache tu kwa mwaka.

Baada ya hapo chukua kijiti kikavu, ukipinde polepole mbele ya darasa, huku ukiwauliza wanafunzi kinachoendelea. Watasema hakuna, kinapinda tu. Endelea hadi kivunjike, kisha waulize mtikisiko vilioupata vidole vyako ulikuwa umehifadhiwa wapi kabla ya hapo. Hii ndiyo maana ya maelezo aliyoyatoa mwanasayansi wa Marekani Harry Fielding Reid mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, ambapo ua na barabara zilizovuka ufa wa San Andreas zilikutwa zimekatika na kusogezwa kando, mahali pengine kwa takriban mita 6. Miamba ya pande mbili za ufa ilikuwa ikisukumwa kwa miaka mingi, msuguano ukaizuia, ikapinda, na siku moja ikaachia. Waambie pia mahali ambapo mfano wa kijiti unaishia: kijiti kikishavunjika kimekwisha, ilhali ufa wa ardhini hushikana upya na kuanza tena kujikusanyia nguvu.

Usitarajie somo moja litatosha. Wape kazi ile ile ya kuchora baada ya wiki kadhaa, bila kuwatahadharisha, na utaona ni nani aliyebadilisha mpangilio wote na ni nani aliyeongeza neno jipya juu ya mchoro wa zamani.

Swali: Binti yangu wa miaka 8 hataki kulala kwa kuogopa kwamba ardhi itafunguka na kummeza, kama alivyoona kwenye filamu. Je, jambo hilo hutokea? — Baba mwenye wasiwasi

Jibu: Baba, hapana. Tetemeko hutokea kwa sababu pande mbili za ufa zimebanana na kusuguana. Kama zingeachana na kuacha shimo wazi, kusingekuwa na msuguano, na bila msuguano hakuna nguvu ya kulimbikizwa. Nyufa ndogo za juu huweza kuonekana, na kwenye miteremko udongo unaweza kuporomoka, lakini ardhi kufunguka, kumeza watu na kujifunga ni mambo ya filamu. Mweleze hivyo, kisha mwonyeshe hatari iliyo ya kweli, ambayo ni vitu vinavyoanguka na kuta zinazobomoka, maana hiyo anaweza kufanya kitu juu yake. Zungukeni pamoja chumbani kwake mkitazama kilicho juu ya kitanda, na yeye mwenyewe aamue ni nini kiondolewe au kifungwe ukutani.

Swali: Nilipokuwa mdogo tulisimuliwa kwamba dunia imebebwa kwenye pembe ya ng'ombe, naye anapochoka huihamishia pembe ya pili, ndipo ardhi hutikisika. Wajukuu wangu wanafundishwa mambo ya mabamba. Nikiwasimulia kisa changu, je, nitawachanganya? — Babu

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Wasimulie, maana kisa hicho ni mali yao pia. Watu wa kila zama wamelieleza tetemeko kwa vile walivyovifahamu. Aristotle, Mgiriki, aliandika kwamba upepo uliofungiwa ndani ya ardhi ndio unaoitikisa, na maelezo hayo yaliheshimiwa kwa karne nyingi. Nchini Japani ilisemwa kwamba kambare mkubwa anajipinda chini ya nchi, na baada ya tetemeko lililoupiga mji wa Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1855 picha za kambare huyo zilichapishwa kwa wingi. Mjukuu anayejua visa hivi anajua kwamba swali lake limeulizwa na wengi kabla yake.

Kuhusu kuchanganyikiwa, watoto wana uwezo mkubwa kuliko tunavyowadhania wa kuweka maelezo ya aina mbalimbali pamoja. Watafiti Cristine Legare na Susan Gelman, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, waliwauliza watoto na watu wazima wa Afrika Kusini kuhusu chanzo cha maradhi, wakaona kwamba maelezo ya kibiolojia na maelezo ya uchawi yaliishi katika kichwa kimoja, na kwamba kukua hakukuyafuta yale ya pili. Kinachomchanganya mtoto ni mtu mzima anayesimulia kisa leo kama kisa na kesho akakitetea kama somo la jiolojia. Ukianza kwa kusema "wazee wetu walisimulia," mjukuu anaelewa yuko wapi. Vivyo hivyo kwa imani ya dini: mzazi anayemwambia mtoto kwamba Mungu ndiye mwenye ardhi na kwamba miamba husogea kwa kani zinazoweza kupimwa hajampa mtoto mambo yanayogombana, mradi tu asimwambie kwamba waliofariki walikuwa wabaya kuliko waliopona.

Naomba niongeze jambo moja, mzee, kwa sababu linahusu kazi ya mababu. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, mawimbi ya tsunami yaliua watu wengi mwaka 1907. Walionusurika walisimulia habari hiyo kwa watoto na wajukuu, kwa masimulizi na nyimbo, nao waliliita tukio hilo *smong*: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, kisiwa hicho kikiwa karibu sana na chanzo cha tetemeko, wakazi wake wapatao 78,000 walikimbia, na waliopoteza maisha walihesabiwa kuwa 7. Masimulizi hayo hayakueleza lolote kuhusu mabamba, lakini yalibeba maagizo ya nini cha kufanya, na mtoto aliyeyasikia aliyafahamu. Kwa hiyo, ukimaliza kisa cha ng'ombe, malizia kwa kuwaonyesha wajukuu meza imara ya kujificha chini yake na njia ya kutokea.

Swali: Tangu tetemeko lilipotokea, watoto ninaowalea wananiuliza kila siku, "Litarudi lini?" Wakati mwingine wanacheza mchezo wa tetemeko, wanaangusha vitu na kupiga kelele. Nimekuwa nikiwaambia kwamba halitarudi kamwe. Je, nimewajibu vema? — Mlezi

Jibu: Ndugu mlezi, nia yako ni njema, lakini ahadi hiyo iache. Baada ya tetemeko kubwa karibu kila mara hufuata mitetemeko mingine, na ya kwanza itakapokuja watoto watajua kwamba neno lako haliaminiki, wakati ambapo wanalihitaji kuliko wakati wowote. Hakuna mwanasayansi anayeweza kutaja siku na mahali tetemeko kubwa litakapotokea, na mtoto anaweza kuambiwa hivyo waziwazi iwapo ataambiwa pia kile tunachokijua. Mwaka 1894 Fusakichi Omori wa Japani alionyesha kwamba idadi ya mitetemeko inayofuata hupungua kadiri siku zinavyopita. Watoto walio na umri wa kutosha wanaweza kuweka alama kwenye karatasi kila wanapohisi mtikisiko, na wakaona wenyewe jinsi alama zinavyopungua. Waambie tu kwamba mmojawapo unaweza kuwa mkubwa hata baada ya siku kadhaa za utulivu, na ndiyo maana mazoezi yanaendelea.

Mazoezi hayo yawe mafupi na ya mara kwa mara: kuinama, kuingia chini ya meza imara na kukinga kichwa na shingo, kisha kuishikilia meza hadi mtikisiko uishe. Mtoto anayejua afanye nini anaweza hata kuwaongoza wengine. Siku ile ile ya Desemba 2004, Tilly Smith, msichana wa Uingereza aliyekuwa na miaka 10, aliyatambua mapovu ya bahari kwenye ufuo wa Mai Khao nchini Thailand kwa kuwa alikuwa amefundishwa dalili za tsunami shuleni majuma mawili tu kabla. Akawasihi wazazi wake, na ufuo ukaondolewa watu kwa wakati. Mjini Kamaishi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lililoleta tsunami lilipotokea, wanafunzi wa sekondari walianza kukimbilia mahali pa juu, wale wa shule ya msingi iliyo jirani wakawafuata, na wakubwa wakawashika wadogo mikono. Karibu wanafunzi wote wa mji huo, wapatao 3,000, walinusurika. Walikuwa wamefundishwa wasiutegemee mno mpaka uliochorwa kwenye ramani ya hatari kuonyesha mawimbi yangefika wapi, na mafunzo hayo walipewa kabla ya janga.

Kuhusu televisheni, zima picha za maafa zinazorudiwarudiwa, kwa maana mtoto mdogo anaweza kudhani kwamba kila anapoona jengo likianguka ni jengo jingine linaloanguka sasa hivi.

Mchezo wa tetemeko usiukataze. Kwa mtoto ambaye bado hana maneno ya kutosha, kucheza ndiyo njia yake ya kueleza lililompata, na ukikaa karibu utasikia maelezo ambayo swali la moja kwa moja lisingeyatoa: nani alimwita nani, nani hakuja, nani alibaki ndani. Angalia mwisho wa mchezo. Iwapo katika siku zinazofuata anaanza kuleta waokoaji, kujenga upya alichokibomoa au kuwatoa wanasesere nje salama, anaendelea vizuri. Iwapo mchezo unaishia palepale kila mara, naye anatoka humo akiwa na hofu kuliko alivyoingia, au akiwa halali usingizi, hali chakula vizuri na hataki kuachwa peke yake kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpeleke kwa mshauri nasaha wa watoto au kwa daktari, na umweleze jinsi mtoto mwenyewe anavyolieleza tetemeko, kwa maneno yake aliyoyatumia.